Nyati wa Miguu Juu

Siku za kazi Nurdini alikuwa fundi pikipiki pale Newala mjini, na Jumapili alikuwa refa. Hakuna aliyemwajiri kazi hiyo ya pili. Ilianza tu pale wachezaji wa mtaani walipokosa mtu wa kupuliza filimbi, yeye akakubali, na tangu hapo hawakumwachia. Malipo yalikuwa soda baridi, na timu iliyoshinda ikiwa na moyo, kipande cha nyama. Lakini aliipenda. Gereji wateja walibishana naye kuhusu kila kitu, kuanzia bei ya oili hadi sauti ya injini. Uwanjani akinyoosha mkono, watu wazima na ndevu zao walisogea nyuma.

Mkewe, Mwanne, ndiye aliyemfulia ile fulana nyeusi na kuinyoosha kwa pasi ya mkaa kila Jumamosi. Alikuwa na genge karibu na stendi, anauza nyanya, dagaa, na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kusini, inayopendwa na abiria wanaoteremka kwenda Masasi. Mwanne hakuujua mpira na hakutaka kuujua, ila hakupenda mumewe aonekane mchafu mbele za watu.

Mwaka ule fainali ya kombe la mbuzi iliwakutanisha vijana wa Mnyambe na wageni kutoka Lisekese, kule chini Masasi. Ilikuwa Julai, ule upepo wa baridi wa Newala unaopenya sweta, na bado watu walijaa kuzunguka uwanja wote. Nurdini aliwaita manahodha katikati na kutoa sarafu yake ya shilingi mia tano. Sarafu hiyo alikuwa haitumii dukani. Aliitenga kwa kurushia tu, kwa sababu haikuwa imechakaa na ilianguka vizuri.

Nahodha wa Lisekese alikuwa Kurwa, dereva wa bodaboda mwenye miguu mirefu, naye akachagua kichwa. Ikaangukia nyati. Kurwa akainama kuiokota ili amrudishie refa, na katika kuigeuza mkononi akasita. Akaigeuza tena. Akamwomba mshika kibendera mia tano nyingine, akazishika zote mbili kwa vidole, juu na chini, akazizungusha pole pole kama mtu anayefungua mlango. Kwenye ile ya mshika kibendera, sura ya Mzee Karume ilisimama wima, na ukigeuza nyati naye amesimama wima. Kwenye ya Nurdini, Mzee Karume alisimama vizuri tu, lakini nyati alikuwa chali, miguu juu mbinguni.

"Refa," Kurwa alisema kwa sauti ya chini, "hela yako imefanywa kitu."

Alisema chini, lakini walikuwepo wa kusikia. Neno lilizunguka uwanja upesi kuliko mpira unavyozunguka. Mashabiki wa Lisekese waliokuwa nyuma ya goli walipolipata, jero ile, hiyo mia tano, ilikuwa tayari imetoka ng'ambo ya Ruvuma, imelala kwa mganga, na imeogeshwa dawa ili Mnyambe waanze na upepo mgongoni. Watu wakaanza kuingia uwanjani.

Nurdini alisikia masikio yakimwaka. Katika urefa wake alikuwa ameitwa kipofu, ameitwa kiwete, siku moja aliitwa hata kiazi, na yote aliyacheka akifika nyumbani. Mwizi hakuwahi kuitwa. Alitaka kujieleza, lakini hakujua aeleze nini, maana yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anamwona yule nyati.

Hapo ndipo alipoingia mama mmoja mnene, amejitanda kitenge juu ya sweta, akitembea katikati ya vijana wenye hasira kama anapita wodini. Watu walimpisha. Alikuwa Sista Bibiana, muuguzi wa siku nyingi hospitali ya Ndanda, mzaliwa wa Mnyambe aliyekuja likizo kwa kaka yake. Nusu ya waliokuwa wakipiga kelele pale walipokewa duniani na mikono yake, na nusu iliyobaki alikuwa amewachoma sindano.

Aliomba sarafu, akavaa miwani, akaitazama pande zote. Uso wake ukabadilika, lakini si kwa hofu. Kisha akawaeleza manahodha, bila haraka, kwamba sarafu hugongwa na mihuri miwili, mmoja una kichwa na mwingine una nyati, na kipande cha chuma kinawekwa katikati. Muhuri mmoja ukilegea ukazunguka mahali pake, kinachotoka ni hiki.

"Ni kosa la mashine," alisema. "Kichwa kimebaki kichwa na nyati amebaki nyati. Ikianguka, inaanguka kama nyingine zote."

Nurdini alielewa kabla hajamaliza. Alimgeukia Kurwa na kumwuliza kama hajawahi kuendesha pikipiki ambayo boliti za usukani zimelegea, tairi linakwenda mbele na usukani unatazama kwa jirani. Kurwa alikuwa ameendesha nyingi za namna hiyo. Akacheka, na wenzake wakamsikia akicheka, na hilo lilifanya kazi kuliko maelezo. Sarafu ikarushwa upya, safari hii ile ya mshika kibendera, na ikaangukia nyati vilevile. Mpira ukachezwa. Lisekese wakashinda bao moja, beberu akafungwa nyuma ya pikipiki ya Kurwa, na habari za dawa zikafia pale pale.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Sista Bibiana alimfuata Nurdini mahali alipokaa kuvua viatu. Nurdini alisimama, akamwamkia shikamoo, akamshukuru. Yule mama aliitikia marahaba, kisha akaomba kuiona sarafu tena. Akaikalisha kiganjani, akaiinamisha jua lile la jioni lipige ile alama ndogo iliyojificha karibu na nyati, ambayo hubadilika kadiri unavyoigeuza. Alimwambia kwamba hukusanya sarafu, ni starehe yake tangu alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, na kwamba kama anaiuza yuko tayari kumpa elfu sitini.

Nurdini alidhani amesikia vibaya. Elfu sitini kwa mia tano.

Sista Bibiana hakumficha kitu. Mia tano ya nyati, alisema, ni hela ya kawaida kabisa, imejaa mifuko ya nchi nzima, na ile isiyo na kosa haina bei zaidi ya mia tano yake. Hii ilikuwa na mambo mawili: nyati amegeuka kabisa, hakuinama kidogo tu, na sarafu bado ilikuwa na sura yake ya kiwandani kwa sababu haikuzungushwa sana madukani. Hata hivyo hiyo sitini ilikuwa bei ya mtu mwenye hamu. Mwingine angeweza kutoa chini ya hapo.

"Kafikiri na mama watoto," alimwambia. "Usinipe leo halafu kesho ukajuta."

Akamwachia namba ya simu.

Nurdini alifikiri na mama watoto, lakini kabla hawajafika mbali Newala nzima ilikuwa inafikiri nao. Kesho yake hakuna aliyetoa jero bila kwanza kuizungusha. Genge la Mwanne ndilo lilipata taabu kuliko yote. Wateja walikuja, wakachagua nyanya, wakatoa hela, kisha wakaikumbuka na kuirudisha mkononi waikague, wengine wakavua kofia ili wapate kivuli cha kuonea vizuri, na ming'oko ikapoa. Wengine waliamua kutotoa kabisa jero zao mpaka wapate mtu wa kuzitazama. Chenji ikaadimika. Mwanne alijikuta anarudishia watu kwa vitunguu.

Kisha akaja Godwin. Huyu alikuwa na duka la simu jirani na gereji, kijana mwema, asiyeweza kumwona mtu ana jambo asimsaidie. Alimwonyesha Nurdini kwenye simu yake mtu aliyetangaza sarafu kama ile ile, nyati miguu juu, kwa shilingi milioni nne. Nurdini alisoma mara kadhaa. Jioni hiyo alimwambia Mwanne kwamba Sista Bibiana, pamoja na wema wake wote, huenda alitaka kuwapunja. Alianza kuzungumzia duka la vipuri, bati jipya, na shamba moja la mikorosho ambalo mwenyewe alisikia analiuza. Mwanne alimsikiliza huku akichambua dagaa. Alipenda kumwona amechangamka hivyo, ndiyo maana hakumkatiza.

Godwin alipiga picha ya sarafu na kuitangaza, na haikuchukua muda simu ikaingia. Aliyepiga alisema yuko Dar es Salaam, ana mdomo mtamu, anamwita Nurdini mzee wangu. Alikubali milioni tatu bila kubishana. Kilichobaki, alisema, ni ada ya kuisajili sarafu ili ithibitishwe, elfu themanini na tano tu, itumwe kwa simu, na fedha zote zitafika siku hiyo hiyo.

Nurdini alikwenda moja kwa moja gengeni kumwomba mkewe amwongezee kiasi alichopungukiwa. Mwanne alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Faidha," alisema, "mtu mwenye milioni tatu za kutupa sisi, kwa nini asikate hiyo ada humo humo?"

Nurdini alirudi gereji. Akampigia yule mtu na kumwuliza swali lile lile kama lilivyo. Simu ikakatika. Alipiga tena, haikupokewa, na siku zilizofuata haikupatikana kabisa. Godwin alijisikia vibaya kuliko mwenye sarafu. Alikaa na simu yake mchana kutwa akitafuta kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuinunua ile ya milioni nne, akakuta ilikuwa imetangazwa pale kwa miaka, haina mnunuzi. Alikuja kumwambia Nurdini kwamba bei ya kutamka na bei ya kulipwa ni vitu viwili, na akamletea soda.

Basi wakakubaliana kwenda Ndanda. Mwanne akasema ataongozana naye, maana hajateremka kule siku nyingi na angependa kumwona huyo mama aliyemwokoa mumewe uwanjani. Nurdini akapiga simu, Sista Bibiana akawakaribisha Jumamosi.

Asubuhi ya safari, Nurdini alipokuwa anaoga, Mwanne aliitoa sarafu kwenye kikopo ilimokuwa. Aliiona imefubaa, na pembeni imeshika weusi wa mikono ya gereji. Aliona haya kumpelekea mtu mzima kitu cha hali ile, tena mtu aliyekubali kutoa elfu sitini. Akachukua majivu na ndimu, akaisugua kama anavyosugua sufuria zake ambazo mtaa mzima huzisifia. Aliposuuza, ikawaka kama kioo. Akaifunga kwenye kipande cha kanga mpya. Nurdini alipooneshwa alifurahi kwa moyo wake wote, akamwambia mkewe kwamba sasa hata bei yaweza kupanda.

Walifika Ndanda adhuhuri. Sista Bibiana alikaa katika nyumba ndogo yenye kibaraza, si mbali na hospitali, na maua yamepangwa kwenye makopo ya maziwa. Aliwapokea vizuri. Akawauliza za Newala, za baridi, za mikorosho kama imeanza kutoa maua. Mwanne alimpa korosho za kubangua alizomletea. Kisha Nurdini akafungua kile kipande cha kanga na kukiweka mezani.

Sista Bibiana alivaa miwani. Akachukua na kioo cha kukuzia, akaishika sarafu ukingoni na kuiinamisha huku na huku kwenye mwanga. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba Mwanne aliacha kutabasamu.

"Nani aliisugua?" aliuliza.

"Mimi," Nurdini alijibu.

Lilimtoka lenyewe, hata kabla hajajua kwa nini lile swali liliulizwa vile. Mwanne alimgeukia, akamwangalia.

Sista Bibiana alimpa kioo Nurdini atazame mwenyewe. Shavuni mwa Mzee Karume kulikuwa na mikwaruzo myembamba mingi, yote imelala upande mmoja, kama uwanja uliofagiliwa. Ile alama ndogo iliyojificha haikucheza tena na mwanga. Aliwaeleza kwamba sarafu ina ngozi yake. Kupita mikono ya watu kunaizeesha taratibu, na wakusanyaji wanauheshimu uzee huo, lakini kuisugua kunaichuna. Hata uchafu ni afadhali ubaki. Mfanyabiashara wa sarafu akiiona hii, alisema, ataisukuma pembeni. Alisema bila ukali, kama mtu anayetoa majibu ya vipimo, kisha akainuka kwenda ndani kuwaletea sharubati.

Walipobaki wawili, Mwanne alimsogelea mumewe.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Wewe ulitaka nisionekane mchafu," Nurdini alisema. "Nitakusemaje kwa hilo?"

Mwanne aliinamisha kichwa na kurekebisha kanga yake iliyokuwa haina tatizo lolote. Walikuwa wameoana muda mrefu na hawakuwa watu wa kuambiana maneno matamu. Haya yalimfikia mahali ambapo hakuyategemea. Sista Bibiana aliporudi na jagi, Mwanne alisimama kumpokea, na hapo hapo akamwambia kwamba aliyeisugua ni yeye, kwa majivu na ndimu, na kwamba mumewe hana kosa.

Yule mama aliwatazama wote wawili, akaweka jagi chini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Akaingia tena ndani na kurudi na boksi la viatu. Humo, alisema, ndimo wodi ya majeruhi. Kulikuwa na sarafu aliyoisugua yeye mwenyewe ujanani kwa dawa ya meno, nyingine aliyoichemsha kwenye magadi, nyingine aliyoletewa na daktari mmoja ikiwa imetobolewa tundu la kuvalia shingoni. Kila mkusanyaji aliyemjua alikuwa na wodi yake. Asiyekuwa nayo, alisema, bado hajaanza.

"Hii nailaza hapa pamoja na wenzake," aliwaambia. "Nawapa elfu ishirini. Nyati bado yuko chali, hilo ndimu haikulifuta."

Nurdini alifikiri zile milioni nne, na milioni tatu, na elfu sitini, zilivyoshuka ngazi moja moja mpaka hapa, na badala ya kuumia alijikuta naye anacheka. Alisema ni mara arobaini ya kile alichoipokelea dukani, na kwamba hajawahi kufanya biashara yenye faida kama hiyo tangu afungue gereji. Wakapeana mikono.

Walidhani wangeondoka baada ya sharubati. Lakini Mwanne aliomba kuona na zile nzima, na Sista Bibiana, ambaye katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kumwomba hivyo, akazileta zote. Mwanne aliikuta senti hamsini yenye sungura, aliyoikumbuka kwenye fundo la kanga ya bibi yake. Aliikuta shilingi tano ya zamani yenye pembe kumi, iliyoandikwa maneno ya kuwahimiza watu waongeze mazao ya chakula, akaizungusha akihesabu pembe kwa kucha. Aliuliza kwa nini sarafu nyingine zina meno ukingoni na nyingine hazina. Aliuliza kwa nini ya shilingi mia mbili ina simba, na nani huamua mnyama yupi akae wapi. Kila mara aliishika ukingoni, bila kuambiwa mara ya pili. Nurdini alisinzia kwenye kiti cha kamba kule kibarazani, na nusura wakose basi la kurudi.

Basi lilianza kupanda mlima wa Newala. Mwanne akamwambia Nurdini kwamba kwake gengeni zinapita sarafu nyingi kwa siku moja kuliko zinazopita mikononi mwa Sista Bibiana kwa wiki, na hakuna mtu anayezitazama. Nurdini alisema hilo ni kweli. Hakujua kwamba alikuwa anaruhusu jambo.

Tangu hapo Mwanne aliweka sahani ya bati chini ya meza ya genge. Jero yoyote, au mia mbili, au hamsini iliyomtia shaka ilikwenda kwenye sahani hiyo, na hela nyingine ikachukua nafasi yake. Mwanzoni alikuwa akimpigia simu Sista Bibiana kwa kila doa. Baadaye alijua mwenyewe lipi ni kosa la mashine na lipi ni pigo la jiwe la njiani. Jicho lililozoea kuona nyanya iliyoanza kuoza kwa ndani halikusumbuka sana na nukta iliyozidi kwenye pembe ya kifaru wa shilingi hamsini. Katika msimu wa korosho uliofuata, hela zilipomwagika mjini, alipata mia mbili ambayo ukingo wake mmoja uligongwa nje ya duara, simba hana mkia. Sista Bibiana alipanda basi kuja kuiona.

Aliilipia elfu thelathini, na Mwanne akanunua meza ndefu zaidi ya genge, yenye droo.

Mwaka uliofuata Sista Bibiana alistaafu na kurudi kwao Mnyambe, akajenga karibu na shamba la kaka yake. Siku za gulio huja Newala na mwavuli wake, akakaa na Mwanne nyuma ya genge, wakaimwaga droo kwenye mkeka na kuanza kuchambua, kila mmoja na kioo chake, huku wakibishana kwa Kimakonde na kwa Kiswahili kuhusu herufi zisizoonekana na mtu mwingine. Wateja wanajichagulia nyanya wenyewe na kuacha hela mezani. Nurdini akija kuuliza chakula cha mchana anaambiwa asubiri, na asisimame mbele ya mwanga.